Kabla hujafyeka kichaka cha mpakani, sikiliza ndege huyu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa iliki na pilipili manga huku Amani alinipigia simu: "Afisa, kuna vindege vimejaa kwenye kichaka cha mpakani, nipige dawa au nifyeke tu?" Nikamwambia asishike panga kwanza, tukaangalie.

Ndege niliyemfikiria ni mshonaji mdomo-mrefu, kitaalamu Artisornis moreaui. Ni mmoja wa ndege walio hatarini zaidi kutoweka Afrika, na Usambara Mashariki ndiko makazi yake makubwa. Jina la moreaui limetokana na Reginald Moreau, aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Amani enzi za Waingereza. Ndege alitangazwa kisayansi mwaka 1931.

Utamjuaje? Usianze na rangi, maana ni wa kijivu tu, tumbo limepauka, usoni ana ukahawia kidogo. Anza na mdomo: mrefu, mwembamba, umenyooka, mpaka unaona haumfai mwili ule mdogo. Mkia nao ni mrefu. Ndugu yake, mshonaji wa kawaida wa milimani, ana kichwa chenye wekundu wa kutu unaoonekana wazi, na mdomo wake ni mfupi zaidi.

Vijana wengi huchanganya pia na kile kindege cha mgongo wa kijani kinachosimamisha mkia na kulia kama mwanambuzi. Hicho kipo kila kichaka, hata nyuma ya choo. Mdomo-mrefu mara nyingi humsikia kabla hujamwona: mlio mkali kama kengele ndogo, unarudiwarudiwa, mara nyingi dume na jike wakijibizana. Nenda asubuhi, simama kimya dakika kumi, uache simu mfukoni.

Sasa shida yetu. Huyu hakai katikati ya msitu mnene tu. Anapenda pale mti ulipoanguka au msitu unapoishia, mimea inayotambaa ikajisokota juu ya miti. Yaani palepale sisi tunapopaita "uchafu" na kupafyeka wakati wa palizi. Na chakula chake ni wadudu, iliki yako haigusi. Dawa ya wadudu ukiipulizia pale, unamwondolea chakula.

Kwa yule kijana tuligundua ni hao wa mkia juu. Hata hivyo tulikubaliana asafishe mistari ya iliki na njia ya kubebea mavuno, ule msokoto wa mpakani aubakize. Ukimsikia wa kengele kwako, rekodi sauti kwa simu, kisha waonyeshe wahifadhi wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani.