Kufuta Jedwali la Diski Si Kufuta Diski

Kila mwisho wa mwaka wa masomo idara hukagua kompyuta zake. Zilizochoka hugawiwa shule za sekondari, au huuzwa kwa mnada, au huwekewa Linux ili ziendelee kutumika katika maabara ya lugha. Katika hali zote tatu kuna kazi moja inayofanywa kwa haraka, nayo ni kufuta diski. Sisi walimu wa Kiswahili tunajua kwamba kitenzi hiki kina maana zaidi ya moja. Anayefuta ubao huondoa maandishi yenyewe. Anayefuta jina la mwanafunzi katika orodha hamwondoi mwanafunzi darasani. Huenda bado ameketi dawati la nyuma. Amri nyingi za kufuta diski ni za aina hii ya pili, ilhali wengi wanaozitumia hudhani ni za aina ya kwanza.

Makala haya yanahusu mifumo ya Unix na jamaa zake, hasa Linux. Msomaji asiyewahi kuandika amri kwenye kompyuta ataweza kuyafuata, ila asizijaribu amri zenyewe kabla hajafika mwisho.

Tuanze na jedwali lenyewe. Diski ngumu hugawanywa katika sehemu, ambazo wengine huziita partisheni. Sehemu moja hubeba mfumo wa kompyuta, nyingine kazi za watumiaji. Mwanzoni mwa diski huwekwa jedwali dogo linaloeleza kila sehemu inaanzia wapi na ina ukubwa gani. Ni kama ramani ya viwanja katika ofisi ya ardhi. Ukiichoma ramani, nyumba zinabaki zimesimama, ila karani hajui tena kiwanja kipi kinaishia wapi.

Mtindo wa zamani wa jedwali hilo, MBR, ulianza na kompyuta za IBM mwaka 1983. Unakaa katika sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu. Baiti 446 za mwanzo ni za programu ndogo ya kuwashia kompyuta, 64 zinazofuata ndizo jedwali (nafasi nne za sehemu, baiti 16 kila moja), na 2 za mwisho ni alama ya utambulisho. Kwa hiyo diski nzima inaweza kuonekana tupu kwa sababu ya kupotea kwa baiti 64! Ndiyo maana amri hii fupi inatisha kuliko inavyoonekana:

dd if=/dev/zero of=/dev/sdb bs=512 count=1

Maana yake: chukua sifuri, ziandike kwenye diski iitwayo sdb, kipande kimoja cha baiti 512. Kazi huisha kufumba na kufumbua. Kompyuta haikuulizi kama una hakika. Amri ya dd ni ya tangu miaka ya 1970 na tabia yake ni ya zama zile: hufanya ulichosema, si ulichokusudia.

Mtindo mpya, GPT, umetengenezwa kwa tahadhari zaidi. Aghalabu una nafasi 128 za sehemu, na jedwali huwekwa mara mbili, mwanzoni mwa diski na mwishoni kabisa. Hapa ndipo wanaofuata maelekezo ya zamani hukwama. Wanafuta sekta ya kwanza kwa dd, wanaamini kazi imekwisha, kumbe hata jedwali la mwanzo halijaguswa, kwa kuwa kichwa chake kiko katika sekta ya pili. Na hata wakifuta sekta 34 za mwanzo, nakala ya mwisho wa diski ipo, na programu kama gdisk ikiikuta huweza kulirejesha jedwali zima. Kwa GPT ni afadhali kutumia sgdisk --zap-all /dev/sdb, inayofuta pande zote mbili, au wipefs -a /dev/sdb, inayoondoa alama za utambulisho popote inapozikuta kwenye diski hiyo. Jambo jema kuhusu wipefs ni kwamba ukiiandika bila -a haifuti chochote. Inakuorodheshea tu ilichokiona. Watumiaji wa FreeBSD wana gpart destroy -F, ikifuatwa na jina la diski, kwa mfano ada0.

Hata baada ya hapo, kilichofutika ni ramani. Ukitengeneza sehemu mpya inayoanzia sekta ileile ya zamani, mfumo wa faili uliokuwamo huweza kuibuka tena kama mzimu, na faili zake zote. Ndiyo sababu wazoefu hupitisha wipefs kwanza kwenye kila sehemu (sdb1, sdb2 na kuendelea), kisha ndipo kwenye diski nzima. Lakini hata hilo huondoa alama chache tu. Mitihani na alama za wanafunzi bado zimeandikwa palepale zilipokuwa.

Ushahidi upo. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat, waliokuwa wanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa diski kuukuu 158 walizozinunua. Kati ya 129 zilizosomeka, 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika zilizobaki walikuta barua za watu, taarifa za matibabu na maelfu ya namba za kadi za benki. Wenye diski hizo hawakuwa wote wazembe. Wengi walikuwa wamefuta, kwa ile maana ya orodha. Hapa kwetu Uganda suala hili si la adabu tu. Tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, na jina la mwanafunzi likiwa kando ya alama zake ni data binafsi.

Upande wa pili wa habari hii ni wa kufariji. Mtu akifuta jedwali la diski isiyo yake, mathalani ile yenye rekodi za masimulizi ya wazee alizokusanya mwanafunzi wa uzamili, rekodi hazijapotea. Kwanza, asizime kompyuta. Kiini cha Linux hukumbuka jedwali la zamani mpaka kiambiwe kulisoma upya, na mwanzo na ukubwa wa kila sehemu bado husomeka ndani ya /sys/block. Viandikwe kwenye karatasi mara moja. Kama kompyuta imeshazimwa, programu ya TestDisk ya Christophe Grenier hupekua diski nzima ikitafuta mwanzo wa kila mfumo wa faili, kisha hulijenga jedwali upya. Sharti ni moja: kusiwe na kitu kipya kilichoandikwa juu yake. Aliyewahi kuhifadhi nakala kwa sfdisk -d /dev/sda > jedwali.txt atamaliza kazi hiyo kwa dakika moja, mradi faili hilo halikuwekwa kwenye diski ileile.

Kuhusu majina: sda na sdb si majina ya kudumu. Hutolewa kwa mpangilio ambao kompyuta imezigundua diski, na huweza kubadilishana ukiizima na kuiwasha, hasa ukiwa umechomeka flashi. Kabla ya amri yoyote ya kufuta, andika lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL na ulinganishe namba ya diski na ile iliyobandikwa juu yake. Binafsi naona njia bora ni kuchomoa kila diski isiyohusika. Haina ufundi, lakini dd haiwezi kufuta diski iliyo ndani ya kabati.

Kompyuta inayobaki idarani na kuwekewa mfumo mpya, kufuta jedwali kunaitosha. Inayotoka mlangoni inahitaji maana ya ubao: dd if=/dev/zero of=/dev/sdb bs=1M status=progress, bila count, mpaka diski ijae sifuri. Diski ya gigabaiti 500 inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde huchukua karibu saa moja na nusu. Kwa diski za sumaku za siku hizi mara moja inatosha. Mapokeo ya kurudia mara saba ni ya diski za zamani. Diski za SSD ni habari nyingine, kwa kuwa huficha sehemu ya nafasi yake ambayo dd haifikii. Hizo zitumiwe amri ya usafishaji iliyomo ndani ya diski yenyewe, kama nvme format kwa zile za NVMe.

Mwishowe kagua kwa hexdump -C /dev/sdb. Diski ya sumaku iliyofutwa kweli hutoa mstari mmoja wa sifuri, nyota moja inayomaanisha "na kuendelea hivyohivyo", kisha, baada ya kusubiri sana, namba ya mwisho wa diski. Yakitokea maneno yanayosomeka, mwambie dereva wa shule asubiri kidogo.