Kila Sikio kwa Kadiri Yake

Itimiapo saa mbili ya usiku katika kata ya Ibadakuli, Manispaa ya Shinyanga, mpita njia aweza kuisikiliza taarifa ya habari tangu mwanzo hata mwisho bila ya kupiga hodi kwa mtu. Ataianza kwenye nyumba ya kwanza, ataendelea nayo kwenye ya pili, na afikapo nyumba ya tano atakuwa amekwisha kujua kama kesho mvua itanyesha. Sisi wakazi tumeyazoea hayo. Umeme tunao, kwani njia kuu ya msongo wa kilovolti 400 itokayo Iringa kwa kupitia Dodoma na Singida huishia katika kituo kilichopo hapa hapa Ibadakuli. Televisheni nazo zimeingia hata katika nyumba za matofali mabichi. Kilichochelewa kuingia ni utulivu.

Wako watakaoliona jambo hili kuwa dogo, lisilostahili nafasi katika ukurasa ambao wasomaji wake wamezoea kuzungumziwa habari za pamba, maji na ushuru. Nawaomba wavumilie, kwa sababu ndani ya kelele hizi limo jambo linalowahusu wazee wetu, watoto wetu na serikali yetu pia.

Katika nyumba moja ya jirani yumo mzee aliyetumia sehemu kubwa ya ujana wake katika machimbo ya dhahabu ya upande wa Geita, akihudumia makarasha, yaani mashine za kuponda na kusaga mawe. Yumo pia mjukuu wake wa kike, ambaye alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa Kidato cha Nne. Sebule ni moja, meza ni moja, na taa ya kusomea ndiyo hiyo hiyo ya kutazamia televisheni. Babu akiongeza sauti, mjukuu huziba masikio kwa viganja. Mama wa nyumba akipunguza, babu huona kuwa amedharauliwa. Hakuna aliyekuwa mkosa katika nyumba ile, na kila usiku palikuwa na ugomvi.

Ndipo mtoto mmoja wa mzee huyo, afanyaye kazi mjini, alipoleta hedifoni zisizo na waya. Usiku wa kwanza nyumba nzima ilishukuru. Babu alisikia vizuri, tena kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na mjukuu alisoma. Lakini juma moja baadaye mzee alizirudisha katika kasha lake na kuliweka juu ya kabati. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba zamani alikuwa hasikii vizuri lakini anao watu, na sasa anasikia kila kitu na kubaki peke yake.

Sababu ya jambo hilo ni ya kiufundi, na yafaa ielezwe. Hedifoni za aina ile huja na kirushio kidogo kinachounganishwa na televisheni, ambacho huipeleka sauti hewani mpaka masikioni mwa msikilizaji. Kirushio cha mzee kilikuwa kimechomekwa kwenye tundu la hedifoni, na televisheni nyingi, mara tundu hilo litumikapo, huzinyamazisha spika zake zenyewe. Kwa hiyo babu alipokuwa akisikia, wengine walibaki kutazama midomo ya msomaji wa habari ikifunguka na kufumba. Aliondoka wa kwanza, akaondoka wa pili, na kabla habari za michezo hazijafika sebule ilikuwa tupu.

Ndugu zetu wa Visiwani wataelewa upesi kwa nini jambo hilo lilimuuma mzee. Wao walitutangulia. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, nayo ilikuwa ya rangi, wakati ambapo nchi nyingi za bara letu zilikuwa hazijaota hata ile ya nyeusi na nyeupe. Sisi wa Bara tulingoja mpaka mwaka 1994. Waliokuwa watoto Unguja na Pemba katika miaka ile wanakumbuka kwamba chombo kilikuwa kimoja na watazamaji ni majirani wa pande zote, wakubwa vitini na wadogo mkekani. Hata leo, mechi kubwa ya mpira ikichezwa, barazani pa kahawa katika Mji Mkongwe hapakosi watu waliokaa mbele ya televisheni moja.

Bara nako, kabla ya televisheni, tulikuwa na redio, na tuliisikiliza kwa vikundi. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio, wakazungumza juu ya waliyoyasikia, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Matangazo hayakuwa yamekwisha redio ilipozimwa. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Na kabla ya redio, Wasukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wazee waliwaketisha vijana na kuwapa habari za ukoo na adabu za maisha. Baraza la Mzanzibari na shikome la Msukuma ni ndugu. Katika nyumba za leo televisheni imekalia nafasi ya moto ule, na mzee asiyesikia, au anayesikia peke yake, amewekwa nje ya duara.

Sasa natuulize: kwa nini mzee huyu na wenzake wengi hawasikii? Uzee una sehemu yake, lakini katika mkoa wetu na mkoa wa Geita uzee una msaidizi. Ndani kabisa ya sikio mna chembe ndogo zenye vinywele ambazo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Kelele kubwa ya muda mrefu huziua chembe hizo, na zikifa hazioti tena. Keekee za kutoboa miamba, baruti, kompresa na makarasha, vyote hufanya kazi hiyo polepole bila maumivu. Utafiti wa wachimba migodi wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2015 uliona kwamba karibu nusu ya waliopimwa usikivu wao ulikuwa umeathiriwa na kelele. Na hao ni watu wa mgodini wenye mwajiri. Kwa kijana anayehudumia karasha porini, akiwa ameziba masikio kwa kipande cha kitambaa, ni nani anayempima?

Madhara hayo yana tabia moja inayowapotosha ndugu wa mgonjwa. Sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, na miongoni mwake zimo herufi kama s, f, sh na ch. Mzee husikia kwamba mtu anasema, lakini hapati anachosema. Kwake yeye fika, shika na pika huwa neno moja. Ndiyo maana huongeza sauti ya televisheni na bado haridhiki, kwani anaongezewa ngurumo wakati alichopungukiwa ni konsonanti. Watu wa nyumbani humwona mkaidi. Si ukaidi. Televisheni inayonguruma katika nyumba ya mzee ni taarifa ya ugonjwa, nasi tumekuwa tukiipokea kama ukosefu wa adabu.

Hedifoni humsaidia mtu wa namna hiyo kwa sababu huileta sauti karibu na sikio na kuyaacha nje mazungumzo ya sebuleni, vyombo vya jikoni na mvua juu ya bati. Ziko za aina tatu zinazopatikana zaidi. Ya kwanza hutumia mwanga usioonekana kwa macho, sawa na rimoti. Hiyo haipiti ukutani, na mtu akikatiza mbele yake sauti hukatika. Ya pili hutumia mawimbi ya redio yenye kirushio chake, na hiyo hufika hata chumba cha pili. Ya tatu ni ya Bluetooth, ambayo televisheni nyingi mpya zinayo tayari, na kwa kawaida hutosha mwendo wa mita kumi hivi. Kasoro yake ni kwamba mara nyingine sauti huchelewa kidogo nyuma ya midomo, jambo linalomsumbua hasa yule anayesaidika kwa kuisoma midomo hiyo. Nyingi kati yake zina betri ya kuchajiwa, na mwenye kuzinunua azingatie kwamba umeme ukikatika mchana kutwa, usiku zitakuwa pambo.

Dawa ya upweke wa babu ni rahisi kuliko hedifoni zenyewe. Nyuma ya televisheni nyingi, na nyuma ya ving'amuzi vingi, yapo matundu mawili ya kutolea sauti, moja jekundu na jingine jeupe. Kirushio kikichomekwa hapo badala ya tundu la hedifoni, spika za televisheni huendelea kusema. Babu huongeza ya kwake masikioni mpaka aridhike, wengine husikia kwa kiasi chao, na habari ni moja kwa wote. Baadhi ya televisheni mpya nazo zina mahali pa kuchagua kwamba spika na hedifoni zifanye kazi pamoja. Kila sikio hupewa kwa kadiri ya haja yake, na hakuna aliyefukuzwa sebuleni. Kwetu sisi tuliolelewa katika siasa ya usawa, hilo si jambo geni.

Lakini kila chombo kina adabu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 zaidi ya saa 40 kwa juma. Ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa nne tu, na ikifika 100 ni dakika 20. Kwa watoto kipimo ni desibeli 75. Kwa kuwa majumbani hatuna vipimo, shirika hilo hilo linashauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa chombo. Mzazi atakayempa mtoto hedifoni ili nyumba ipate kunyamaza, kisha asiangalie sauti imepandishwa kiasi gani, atakuwa anamwandalia mwanawe masikio ya babu yake bila hata ya dhahabu. Aliyevaa hedifoni pia hasikii hodi ya mgeni, kilio cha mtoto wala adhana. Basi asiachwe peke yake na mtoto mchanga wala na chungu motoni. Na ijulikane wazi kwamba hedifoni si shimesikio. Humwezesha mzee kuisikia televisheni, lakini haimwezeshi kumsikia mjukuu wake anapomwamkia.

Hapo ndipo ninapowageukia ndugu viongozi na watendaji. Nchi yetu haina upungufu wa sheria. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Zipo kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015. Upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2009, ambao unavitaja vipindi vya televisheni waziwazi miongoni mwa mambo ambayo watu wenye ulemavu wana haki ya kuyapata kwa namna inayowafaa. Linalotakiwa ni sheria hizo zishuke kutoka kwenye makabati mpaka penye karasha na sebuleni.

Mkaguzi afikapo machimboni, aulize vizuia kelele vya masikioni kama anavyouliza leseni na ushuru. Zahanati na vituo vya afya vya mikoa ya machimbo viwe na utaratibu wa kuwapima masikio wazee na vijana watokao migodini, kwa kuwa wengi hawajui kwamba usikivu hupimwa kama macho yanavyopimwa. Vituo vya televisheni, vya Bara na vya Visiwani, viongeze wakalimani wa lugha ya alama na maandishi chini ya picha, kwani wapo ambao hakuna hedifoni itakayowafaa. Na sisi wa Chama, tunaopenda vipaza sauti vikubwa katika mikutano yetu, tuanze kwa kujirekebisha wenyewe. Chuoni tulifundishwa kuteremsha sauti na kuichunga haki ya jirani kabla hatujafundishwa kuandika; hatuwezi kudai kwamba hatukuambiwa.

Mzee wa Ibadakuli amezishusha hedifoni zake kutoka juu ya kabati. Fundi wa mtaani alihamisha nyaya mbili, kazi iliyochukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Sasa, itimiapo saa mbili, nyumba nzima husikiliza taarifa ya habari kwa sauti ya kiasi, naye babu hutikisa kichwa pale pale wengine wanapoguna. Habari zikiisha, spika huzimwa, mjukuu hufungua daftari mezani, na mzee huendelea na mpira wake masikioni, katika chumba kile kile, chini ya taa ile ile. Mpita njia akitaka kujua kama kesho mvua itanyesha, itambidi apige hodi. Atakaribishwa.

Zimebaki nyumba nyingine nyingi, na yamebaki makarasha. Kwenye nyumba, kazi ni yetu wenyewe. Kwenye makarasha, tunawangoja wenye dhamana.