Kwa Nini Huduma ya Kompyuta Hukataa Kuanza Yenyewe?

Umeme umekatika usiku. Asubuhi kompyuta kuu ya maabara ya shule inawaka, lakini huduma ya kuwagawia wanafunzi vitabu haikuanza. Mwalimu anaiendesha kwa mkono skripti yake, yaani faili lenye amri zilizoandikwa mstari kwa mstari, na huduma inaanza mara moja. Umeme ukikatika tena, mambo ni yale yale. Wengi hapo huilaumu mashine. Nami nilipata kuilaumu siku mbili nzima.

Yafaa ieleweke kwamba anayetoa amri si yule yule. Mwalimu aingiapo kwa jina lake, mfumo humwekea orodha ya saraka za kutafutia programu, iitwayo PATH. Katika mifumo mingi ya Linux, huduma huanzishwa na systemd, programu iliyotolewa mwaka 2010. Hiyo haisomi matayarisho ya mwalimu: ina orodha yake, na kwa kawaida huanzia kazi kwenye saraka ya mzizi, "/". Kwa hiyo faili lililotajwa kwa jina tupu halionekani. Dawa ni kuandika njia kamili.

Lakini tusibahatishe. Amri "systemctl status" pamoja na jina la huduma huonyesha namba ya kushindwa. Mara nyingi 127 humaanisha kwamba amri mojawapo ndani ya skripti haikupatikana. 126, imepatikana lakini haitekelezeki. Namba 203 ni jambo jingine kabisa: skripti haikuanza hata mstari mmoja, hivyo ni kazi bure kutafuta kosa katika mstari wa kumi.

Hii 203 ndiyo iliyonishinda. Faili lipo, ruhusa ya kulitekeleza ipo, na bado ujumbe wasema halipo! Skripti ilikuwa imeandikwa kwenye Windows, ambako mstari humalizwa kwa alama mbili, namba 13 na 10. Linux hutumia 10 peke yake. Alama ya 13 ni urithi wa mashine za zamani za kupigia chapa, iliyorudisha kichapio mwanzoni mwa mstari. Sasa, mstari wa kwanza, "#!/bin/sh", hutaja programu itakayoisoma skripti. Alama ya 13 ikijificha mwishoni, Linux hutafuta programu yenye jina "sh" pamoja na alama hiyo, nayo haipo. Kinachokosekana ni msomaji, si skripti.

Amri "cat -A" huifichua kwa sura ya ^M, na "sed -i 's/\r$//'" pamoja na jina la faili huifuta. Kisha izime kompyuta na kuiwasha tena mchana, wewe mwenyewe ukiwapo.