Shughuli za Likizo Katika Bonde la Kilombero: Maelezo ya Usafiri kwa Watumishi na Wananchi

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Visiwani wanaokwenda likizo Tanzania Bara huchukua pamoja nao shughuli zisizojua likizo: fedha za kutoa benki, dawa za kufuata hospitali, mgonjwa wa kutazamwa, mchele wa kununua kabla ya kurudi. Kwa wenye jamaa Ifakara na katika Bonde la Kilombero, Mkoa wa Morogoro, shughuli hizo hufanywa kwa gari za abiria, bajaji, pikipiki na treni. Inafaa ifahamike jinsi usafiri huo unavyokwenda, kwani siku moja inayopotea bondeni yaweza kuwa ndiyo siku ambayo mtumishi alitakiwa kuripoti kazini.

Kutoka Dar es Salaam, msafiri hupanda basi Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, au huenda Morogoro kwa treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kuchukua abiria Juni 2024, na kuendelea kwa basi. Gari huiacha barabara kuu ya Iringa pale Mikumi na kushika njia ya Kidatu. Kipande cha Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, kilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Sasa kina lami. Mkazi wa Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, aweza kwenda Ifakara asubuhi kwa mambo ya benki na soko, akarejea mchana.

Ndani ya mji, bajaji na bodaboda hufika kila mahali. Nauli za mabasi ya Bara hupangwa na LATRA. Nauli ya pikipiki ni mapatano, na mapatano hufanywa kabla ya kupanda. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hupokea wagonjwa wa bonde zima, hivyo ni vyema kufika mapema. Mwenye kadi ya bima iliyotolewa Zanzibar athibitishe kabla ya kuondoka nyumbani kama itapokelewa huko. Hilo si jambo la kuulizia dirishani huku mgonjwa akisubiri.

Jambo lililobadilisha zaidi maisha ya bonde ni daraja. Mto Kilombero huitenga Ifakara na Ulanga na Malinyi, na kwa miaka mingi watu walivuka kwa kivuko. Mto ulipojaa au upepo ulipovuma, shughuli zilisimama: mfanyabiashara alilala kando ya mzigo wake, na mgonjwa aliyetoka Mahenge alisubiri ng'ambo akiiona njia ya hospitali. Januari 2016 kivuko hicho kilizama. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa Mei 2018, na tangu hapo gari hupita hadi Lupiro, ambako njia hugawanyika, moja ikienda Mahenge na nyingine Malinyi. Hata hivyo daraja halikuondoa masika. Kati ya Machi na Mei maji hutanda bondeni, na mwaka 2024 mafuriko yalikuwa makubwa. Katika miezi hiyo anayekwenda ng'ambo aulize kwanza hali ya barabara ya mbele, si ya daraja peke yake.

Upande wa kusini-magharibi, kuelekea Mbingu, Mngeta, Chita na Mlimba, mwenye neno ni reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia. Reli hiyo hupita bondeni hadi Mlimba kabla ya kupanda milima kwenda Makambako. Barabara inapoharibika kwa mvua, treni huwa ndiyo gari ya kwenda sokoni, hospitali na skuli, na pia ya kusafirisha ndizi na mpunga. Lakini treni hiyo hutoka mbali, na kila kuchelewa kwa njiani hufika nayo stesheni. Zipo pia nyakati ambapo huduma husitishwa. Ratiba hutumia saa 24: 13:50 ni saa saba na dakika hamsini mchana, na wapo walioachwa kwa kukosea hesabu hiyo. Kwa sababu hizo, kwenda Mlimba kwa treni na kurudi siku hiyo hiyo si mpango wa kutegemea. Taarifa ya siku husika ipatikane stesheni yenyewe.

Anayerudi Visiwani kutoka Mlimba ana vipande vitatu vya safari, treni au gari hadi Ifakara, basi hadi Dar es Salaam, kisha boti, na kila kimoja chaweza kuchelewa peke yake. Mwenye kuripoti Jumatatu awe Ifakara si baada ya Ijumaa, mchele wake ukiwa umeshafungwa, ili Jumamosi apande basi la alfajiri na Jumapili yote ibaki kwa boti.