Damu Inasimulia Ugonjwa Ulikotoka



Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilitangazwa tena upande wa Butembo. Tarehe 8 Oktoba mwaka ule ule ikatangazwa Beni, na Agosti 2022 ikawa Beni tena. Kila mara watu waliulizana: imetoka wapi? Wengine walitaja nyama ya porini, wengine siasa. Jibu lilipatikana ndani ya virusi vyenyewe, katika kazi ya maabara ya INRB, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba.

Kila kirusi hubeba jeni, yaani maagizo ya kuzaa vingine, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu. Maagizo ya Ebola yana herufi karibu 19,000. Virusi vinapozaana, herufi moja moja hukosewa, na makosa hayo hurithiwa na vizazi vinavyofuata. Kwa hiyo virusi vyenye makosa yale yale ni vya ukoo mmoja.

Wataalamu waliposoma, waliona kwamba virusi vya 2021 na 2022 ni uzao wa vile vya mlipuko mkubwa ulioanza Agosti 2018 na kuisha tarehe 25 Juni 2020. Mlipuko ule ulipata watu 3,470 na kuua 2,287. Basi ugonjwa haukutoka upya porini. Virusi vilikuwa vimebaki kimya ndani ya mwili wa binadamu aliyepona.

Wanasomaje?

Mchimbaji ataelewa upesi. Mashine ya kutoboa ikitoa mwamba mzima kama fimbo ndefu, unaona tabaka lipi linafuata lipi. Ikitoa vipande vidogo, lazima uvipange, na vile vinavyofanana vinakuchanganya. Jeni nazo ni hivyo. Mashine nyingine husoma vipande vifupi, kisha kompyuta huviunga. Nyingine husoma uzi mrefu, maelfu ya herufi kwa mfululizo: uzi hupita katika tundu dogo mno lenye mkondo wa umeme, na herufi zinazopita hubadilisha umeme ule. Mashine ya namna hii yaweza kushikwa mkononi. Mwaka 2015 ilitumiwa Guinea wakati wa Ebola, na majibu mengine yalitoka kabla ya saa 24 tangu sampuli kupokelewa. Usomaji mrefu unafaa hasa pale maandishi yanaporudiarudia, kama katika virusi vya mpox vyenye herufi karibu 197,000.

Mfano wa Durba

Kusoma jeni kunaweza pia kutoa jibu lililo kinyume. Huko Durba, kaskazini yetu, ugonjwa wa Marburg ulipata watu 154 kati ya 1998 na 2000, wakafa 128. Wengi walikuwa vijana wachimbaji wa dhahabu. Jeni zilionyesha koo zisizopungua 9. Maana yake, hakuna mtu mmoja aliyeuleta. Uliingia mara nyingi, na njia ilikuwa mgodi wa Gorumbwa, wenye popo wengi. Mgodi ulipojaa maji, ugonjwa ukakoma.

Tujikinge namna gani?

1. Shimo au pango lenye popo usiliingie. Mwarifu mkuu wa kazi.

2. Aliyepona Ebola si adui. Kusalimiana naye, kula naye na kufanya kazi naye hakuambukizi. Lakini virusi vyaweza kukaa miezi mingi katika mbegu za mwanamume aliye mzima kabisa. Apimwe, na atumie kondomu mpaka vipimo viwili vionyeshe kwamba hakuna kitu. Mara chache ugonjwa wenyewe humrudia. Akipata homa, apelekwe hospitali upesi.

3. Homa, kutapika au kutoka damu, usingoje. Njoo mapema na ukubali kutolewa damu. Bila damu ile hakuna wa kutuambia kama tufunge shimo au tufuate walioambukizana.

Ndugu, mtu aliyefukuzwa na majirani hujificha, na aliyejificha hapimwi. Mwenzako aliyepona akirudi kazini, mpe mkono, mkae naye mle. Hivyo atakuja kupimwa bila hofu, na nyumba zetu zitakuwa salama.