Gari Likiibwa, Nani Yuko Macho?

Setilaiti za GPS, zinazozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,000 hivi, ni mali ya serikali ya Marekani, na mawimbi yake hayana ada. Hadi mwaka 2000 Wamarekani walikuwa wakiyavuruga makusudi kwa watumiaji wa kiraia, kiasi kwamba kipokezi kiliweza kukosea kwa mita mia moja hivi. Mei mwaka huo Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo ukome, na tangu hapo hata chombo cha bei ya chini hukosea mita chache tu. Ila kipokezi cha GPS kazi yake ni kusikiliza. Setilaiti haijui gari lako liko wapi, wala haimwambii mtu. Kinachosema ni laini ya simu iliyo ndani ya kifaa cha kufuatilia gari, inayotuma vipimo kupitia mtandao uleule tunaopigia simu. Kwa hiyo anayelipa kampuni ya ulinzi wa magari kila mwezi halipii anga. Analipia laini, ramani, na mtu anayekesha saa nane za usiku. Laini na ramani unaweza kujipatia mwenyewe kwa gharama ndogo. Mtu wa kukesha ndiye anayesahaulika na wengi wanaofunga vifaa wenyewe, na ndiyo maana magari yenye GPS bado yanapotea.

Kifaa kinachotumika zaidi ni kiboksi kidogo chenye nyaya chache za kuunganishwa na umeme wa gari, na bei yake haifiki ya tairi jipya. Unatia laini, unakitumia ujumbe mfupi, nacho kinakujibu kwa kiungo cha kufungulia ramani. Kwa mwenye gari moja hilo linatosha, tena halihitaji bando. Anayetaka kuona safari nzima atakielekeza kifaa kwenye programu kama Traccar, ambayo ni ya bure na inaelewana na zaidi ya aina elfu mbili za vifaa. Taarifa ya mahali gari lilipo ni ndogo mno. Hata ikitumwa kila dakika kwa mwezi mzima, data yake inalingana na ya kutazama video fupi chache. Ukiwa na uwezo chukua kinachotumia 4G. Vingi vya bei ya chini vinategemea 2G, na kampuni za simu katika nchi kadhaa zimeshauzima mtandao huo; AT&T ya Marekani iliuzima mwaka 2017.

Urahisi huo una mtego wake. Mwaka 2019 watafiti wa kampuni ya usalama ya Avast walikuta vifaa vya GPS kama laki sita vikiwa bado na neno la siri la kiwandani: 123456. Mwaka 2022 kampuni ya BitSight ilionyesha kwamba modeli ya MiCODUS MV720 ilikuwa na kasoro zilizomwezesha mtu wa mbali kulifuatilia gari na hata kulikatia mafuta, na shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia usalama wa mitandao likatoa tahadhari. Maana yake, kifaa ulichokinunua kumzuia mwizi kinaweza kumwarifu ni saa ngapi huwa haupo nyumbani. Kinga ya kwanza haina gharama: badili neno la siri siku hiyohiyo, na uamuru kifaa kipokee maagizo kutoka namba zako peke yake. Kisichokubali mambo hayo mawili kirudishe dukani.

Wapo wanaosema hayo yote ni usumbufu, afadhali kutupia AirTag chini ya kiti. Kidude hicho cha Apple kilitoka mwaka 2021 kwa dola 29, hakihitaji laini, na betri yake ya kisahani hudumu karibu mwaka mzima. Mwaka 2023 Meya wa New York, Eric Adams, alitangaza kugawa AirTag 500 za bure kwa wenye magari wa Bronx. Lakini hakina GPS ya kutuma popote. Hutoa mawimbi mafupi ya Bluetooth, na simu ya Apple inayopita karibu ndiyo inayopeleka habari. Bronx iPhone zimejaa. Kwenye barabara ya vumbi nje ya mji, ambako abiria wote wana simu za Android, kidude hicho kitakaa kimya mpaka apite mwenye simu inayofaa. Google nayo ilianzisha mtandao wa namna hiyo mwaka 2024, hivyo kwetu vidude vinavyoutumia vina mantiki zaidi. Tatizo lingine halikwepeki: ili kuzuia watu kufuatiliwa kwa siri, simu humwonya mwenyewe kwamba kuna kidude kigeni kinachosafiri naye. Mwizi mwenye simu hiyo ataarifiwa pia. Mimi nakihesabu kuwa msaidizi, cha kubaki ndani ya gari baada ya kile kikubwa kung'olewa.

Kuificha simu ya zamani ndani ya gari ni njia nyingine, isiyohitaji kununua kifaa, lakini gari lililoanikwa juani huwa tanuri na betri ya simu haipendi joto. Itafaa kwa wiki moja ya dharura.

Pesa iliyookolewa iende kwenye kuficha. Wezi wazoefu hupapasa kwanza chini ya usukani, kwenye boksi la fyuzi na kwenye plagi ya kupimia gari, maana ndiko mafundi wavivu huweka. Mawimbi ya GPS hupenya plastiki na kitambaa, bali chuma huyazuia; basi ndani kabisa ya dashibodi au nyuma ya pambo la plastiki la buti ni pazuri kuliko chini ya bati. Mwite fundi umeme unayemfahamu, kwa kuwa anayejua kifaa kilipo anaweza pia kukisema. Hesabu na umeme: kifaa kinachovuta miliampea 50 hula ampea-saa 1.2 kwa siku, na betri ya ampea-saa 45 itafika nusu baada ya siku 19 hivi. Ukisafiri mwezi mzima, utalikuta gari haliwaki.

Pingamizi kubwa ni kwamba wezi wana mitambo ya kuziba mawimbi. Ni kweli ipo. Lakini mtambo huo hufunika eneo dogo kwa muda unaowashwa, na haufuti habari ambayo kifaa kilikwisha kutuma. Kwa hiyo thamani ya kifaa iko kwenye dakika za mwanzo: kipige kelele gari linapotikiswa, linapowashwa, umeme wake unapokatwa. Hapo ndipo tunarudi kwa mtu wa kukesha. Vifaa vingi huleta tahadhari kwa ujumbe, na ujumbe haumwamshi mtu aliyelala. Chagua kinachopiga simu, ukipe na namba ya pili, ya mwenzako au ya mlinzi wa getini. Kuhusu kuzima injini kwa mbali, kuwa mwangalifu mno. Injini ikizimika katika mwendo kasi, usukani wa pawa hukaza na breki hupoteza nguvu, na walio mbele ya gari hilo ni wapita njia wasio na hatia. Afadhali mfumo unaozuia gari lisiwake tena baada ya kusimama.

Na baada ya kuliona kwenye ramani? Usiende peke yako. Mwaka 2015 kifaa kilichokuwa ndani ya Lexus iliyoibwa Uingereza kiliwaongoza wapelelezi kupitia Ufaransa, Oman na Kenya hadi Kampala, lakini nukta hiyo ya ramani isingeleta kitu bila ushirikiano wa polisi wa Uingereza na Uganda. Kwa gari la kawaida kinachotakiwa ni kidogo zaidi: namba ya taarifa unayopewa ukiripoti polisi, yaani RB ukiwa Tanzania au OB ukiwa Kenya, pamoja na nakala ya kadi ya gari, namba ya chesisi, na picha za alama zisizofutika; hivyo vitatu vya mwisho viwe tayari kwenye simu kabla ya siku ya kuvihitaji. Polisi wa zamu atasikiliza kwa namna nyingine mtu anayemwonyesha gari likitembea wakati huohuo.

Lipo pia swali la dereva uliyemwajiri, au ndugu anayeazima gari. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022, na nyendo za mtu anayetambulika ni taarifa zake. Mweleze kwamba gari lina kifaa, bila kumwonyesha kilipo, na umtajie ni nani wengine wanaoiona ramani.