Wauguzi Wanaoyapa Maswali Alama

Hojaji inayokusudiwa kulinganisha kazi za wauguzi wa nchi mbalimbali kwa kawaida hupitishwa katika tafsiri rejeshi, utaratibu uliovuma kutokana na makala ya Richard Brislin ya mwaka 1970, ambapo mfasiri wa pili, asiyeiona nakala ya asili, huirudisha tafsiri katika lugha ya kwanza ili nakala hizo mbili zilinganishwe. Utaratibu huo hunasa makosa ya lugha, ila swali lililotafsiriwa barabara kuhusu jambo lisilokuwepo hospitalini hulipita bila kuligusa.

Upungufu huo ulimshughulisha Allison Squires, muuguzi na mtafiti wa Marekani, katika tafsiri ya hojaji ya RN4CAST, mradi uliowafikia wauguzi zaidi ya 33,000 wa nchi 12 za Ulaya kwa kutumia kipimo cha mazingira ya kazi ambacho Eileen Lake alikichapisha mwaka 2002 kwa kuzingatia hospitali za Marekani. Squires anashikilia kwamba wauguzi wa kila nchi, wanaozimudu lugha zote mbili, waikague hojaji kabla ya utafiti kuanza, wakilipa kila swali alama ya 1 hadi 4 kulingana na linavyohusu uuguzi wa kwao. Waliotoa 3 au 4 huhesabiwa na kugawanywa kwa idadi ya wakaguzi wote, na jibu huitwa faharisi ya uhalali wa maudhui. Wakiwa sita, akikataa mmoja hupatikana 0.83 na swali hupita. Wakikataa wawili hupatikana 0.67, chini ya kikomo cha 0.78 kinachofuatwa na wengi. Hesabu ni nyepesi mno, lakini inampa heshima adimu muuguzi, aliyezoea kuulizwa na kujibu tu, kwani hapa swali lenyewe ndilo linalosimama mbele yake.

Ugumu huja na kipengele kama kile kinachouliza iwapo mkuu wa uuguzi ana mamlaka sawa na viongozi wengine wa juu wa hospitali. Kikipata alama ya chini kisha kikaondolewa, ulinganifu na nchi nyingine hupungua. Kikiachwa, wahojiwa watajibu kuhusu cheo wasichowahi kukiona. Je, iwapo alama hiyo ya chini ndiyo habari yenyewe, kwamba katika hospitali hizo wauguzi hawana mtu mezani panapoamuliwa mambo? Faharisi haitenganishi swali baya na hali mbaya.